Mlango Uliosahau Kulia

Fundi mpaka mafuta wa kiwanda cha biskuti alikuwa na ulimi uliosoma kuliko kichwa chake. Wakaguzi wenye vyeti vyao walihitaji mashine tatu na siku mbili kujua mafuta fulani ni ya aina gani. Yeye alichovya kidole, akakilamba, akatazama dari kama kuku anayemeza maji, kisha akatoa hukumu: "Haya yametoka chini ya ardhi, yamechujwa mpaka yakawa meupe, lakini kuna mtu kayamimina kwenye kopo lililokuwa na mafuta ya nyonyo." Wakienda kuangalia, kopo linanuka nyonyo. Ndiyo maana kiwanda kizima kikamwita Ulimi, naye akalipokea jina hilo kama wenzake wanavyopokea nishani.

Usicheke. Wewe tangu asubuhi umelamba nini cha maana?

Ulimi aliamini duniani kuna vitu vya namna mbili tu: vinavyosuguana, na vinavyosubiri zamu yao ya kusuguana. Kazi ya mtu mwenye akili ni kupita katikati yake na kopo. Kopo lake lilikuwa na mdomo mrefu mwembamba kama wa korongo, na kwenye mkanda wake alining'iniza bomba la grisi, zito, jeusi, ambalo hakuruhusu mtu mwingine alishike. Kila mfanyakazi mpya alipewa somo lilelile, apende asipende.

"Wewe unadhani grisi ni uchafu," alimwambia. "Haya, nani alikufundisha hivyo? Grisi ni mafuta yaliyokaa ndani ya sabuni, kama maji yanavyokaa ndani ya sponji. Ikibanwa inatema kidogo, ikiachiwa inanywa tena. Na hizo sabuni zina koo na makabila yake, bwana! Kuna ya chokaa, haiogopi maji. Kuna ya lithiamu, hiyo haibagui, iweke popote inakaa. Halafu kuna grisi isiyo na sabuni hata chembe, imeshikwa na udongo laini kama unga. Hiyo peleka kwenye tanuri, haiyeyuki hata tanuri linune vipi."

Hapo ndipo mtunza stoo, mtu mfupi aliyekuwa akisikiliza kila neno kupitia kidirisha chake, alipokohoa na kuuliza kwa upole wa paka, "Na ukizichanganya, Ulimi?"

Ulimi alinyamaza. Kila mara alinyamaza.

Maana kosa lake maishani lilikuwa moja tu, lakini lilikuwa na sauti. Miaka tisa nyuma, grisi ya udongo ilipungua, naye kwa kiburi chake akajazia ya lithiamu juu yake kwenye beringi za feni kubwa ya tanuri. Ukoo wa udongo na ukoo wa sabuni hazikai chumba kimoja. Zilipopata joto zikagombana, zikalegea, zikawa uji, zikatiririka ukutani. Feni ikaanza kusafisha koo. Kisha ikaguna. Kisha ikapiga yowe, na watu sitini wakakimbilia nje na vitambaa vyao vya kichwani wakidhani paa linaanguka. Tangu siku hiyo ukuta wa stoo una maandishi mekundu, herufi kubwa kama mbuzi: USICHANGANYE. Na mtunza stoo huyapaka rangi upya kila mwaka bila kuagizwa na mtu.

Sasa, huyu mnyamazisha mashine zote, nyumbani kwake kulikuwaje? Kinyozi hajinyoi. Nyumba ya Ulimi ilikuwa na kelele kuliko bendi ya shule. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa ameweka sheria siku ya kwanza ya ndoa: tone la grisi lisivuke kizingiti, maana doa la grisi humwona marehemu akizikwa nalo bado lipo. Kwa hiyo geti lilikoroma, mlango wa jikoni ulipiga mluzi, droo zilinung'unika, kitanda kilisema mambo ambayo kitanda hakipaswi kusema. Na mlango wa mbele ulikuwa na wimbo wake: ulianza chini kama mtu anayeamka, ukapanda polepole, ukafika juu, halafu ukamalizia na kikohozi kidogo. Ng'wooo-wiii, kh.

Na aliyezijua kelele hizo zote, moja baada ya nyingine, ni mama mkwe wake. Bibi huyo alikuja kukaa nao baada ya macho yake kufunga biashara kabisa. Pacha walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo akapewa chumba chao kando ya sebule, na ndani ya mwezi mmoja akawa askari wa nyumba bila kunyanyuka kitini.

"Mkwe, umerudi," alisema jioni, kabla Ulimi hajaweka mguu wa pili ndani.

"Shikamoo, mama. Nimerudi."

"Marahaba. Umechoka leo. Umeusukuma mlango kwa bega."

Au aliita kuelekea jikoni, "Wewe binti yangu, hiyo ni mara ya tatu unafungua droo ya vijiko. Unatafuta nini?" Na Mama Pacha, mtu mzima na wanawe wawili, alirudisha biskuti aliyokuwa anaificha mumewe asiile.

Mambo yalikuwa hivyo, hayajamdhuru mtu, mpaka kiwanda kikafunga wiki mbili kujenga tanuri upya. Ni mtunza stoo tu aliyebaki kulinda makopo. Ulimi akaambiwa akapumzike.

Kupumzika! Mtu aliyezoea kunyamazisha vitu mia mbili kwa siku, mweke wiki mbili katika nyumba inayolia. Siku ya kwanza alikaa. Siku ya pili alikaa ameshika magoti. Siku ya tatu jirani alipita nje, magoti yake yakialika ko, ko, ko, na Ulimi akamtazama kwa uchu hadi jirani akavuka barabara. Siku ya nne Mama Pacha alikwenda kumwona dada yake, alale huko siku mbili. Akamwachia chakula, akamwachia mama yake, akamwachia na onyo. Onyo ndilo alilolisahau.

Akafanya kazi kama bwana harusi anayejenga chumba. Bawaba za mlango wa mbele alizitoa misumari yake, akaisugua, akaipaka grisi ya lithiamu. Mlango wa jikoni, kwa sababu ya mvuke, ukapata ya chokaa. Kwenye vitasa hakutia mafuta, maana mafuta hushika vumbi. Alizichonga penseli mbili za pacha, akasaga ile risasi yake nyeusi iwe unga, akaupuliza ndani ya tundu la ufunguo kwa mrija. Droo za mbao akazisugua kwa mshumaa. Viungo vya kitanda akavisugua kwa kipande cha sabuni kavu. Raba ya mlango wa friji ikapata silikoni, kwa sababu mafuta ya kawaida hula raba kama mchwa. Cherehani ya mkewe ikanyweshwa mafuta meupe mepesi, matone manne, si matano. Geti la nje, linalonyeshewa mvua, akalipaka mafuta yanayokamuliwa kwenye sufu ya kondoo.

"Umeshaona kondoo akishika kutu?" aliliuliza geti. Geti halikujibu. Halikuwa na sauti tena.

Mkewe aliporudi alifungua geti, akafungua mlango, akavuka sebule, akaweka mkoba mezani, na mama yake, aliyekuwa kitini hatua mbili kutoka pale, hakugeuka.

"Mama," akasema Mama Pacha.

Bibi alipiga ukelele uliowatoa njiwa juu ya bati, na fimbo yake ikatua kwenye mkoba. Humo mlikuwa na mayai.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kesho yake mbuzi wa jirani alisukuma geti kwa pembe, geti likafunguka kama pazia. Akasukuma mlango wa mbele, nao ukampisha kwa heshima. Akaingia sebuleni, akaanza kutafuna gazeti. Bibi akasikia mtu anatafuna.

"Mkwe? Unakula peke yako, hata karibu hunikaribishi?"

Mbuzi akatafuna.

"Na salamu leo hakuna. Haya. Nimekukosea nini?"

Mbuzi akavuta pumzi, akageukia kitambaa cha meza. Bibi akamweleza, kwa utulivu, kwamba ukimya ndani ya ndoa ni sumu, kwamba hata marehemu mumewe aliwahi kununa siku nne akaishia kuugua tumbo, kwamba mwanamume hasemi na mwenzake huku mdomo umejaa. Dakika arobaini. Mama Pacha alipotoka bafuni akamkuta mama yake amemshika mbuzi ndevu, anamwambia, "Na hizi nazo lini utanyoa?"

Ulimi alicheka mpaka akakaa chini. Hakujua kwamba alikuwa anacheka peke yake.

"Si tuseme tu 'ni mimi' tukiingia?" aliuliza alipofuta machozi. Na kuanzia saa hiyo akawa anatangaza: "Ni mimi mama, naingia! Ni mimi mama, natoka! Ni mimi, nainama kuchukua kiatu!"

"Acha," alisema Bibi. "Kwanza unanipigia kelele kama mnadani. Pili, mtu husema anachotaka kusema. Mlango hauna sababu ya kuniongopea."

Jumatano mchana Ulimi aliingia sebuleni akiwa amesahau kutangaza. Bibi alikuwa dirishani, uso ameuelekeza mlangoni. Alisikia pumzi tu, akadhani ni binti yake.

"Hivi mumeo amerudi?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mnaniambia yupo, nasikia maneno yake. Lakini sijamsikia akirudi siku nne sasa. Mimi ule mlango ukilia jioni ndipo roho yangu inakaa. Najua watu wote wa nyumba hii wamefika, naweza kulala. Sasa silali. Ana kelele nyingi kuliko akili, mumeo, lakini nilikuwa namsikia akifika."

Ulimi alisimama katikati ya sebule. Akarudi kinyumenyume. Mlango ukamfungia taratibu, bila sauti, kama hakuwahi kuwepo.

Usiku huo, mezani, Bibi alitangaza. "Nyumba hii imekuwa kaburi lenye umeme. Jumamosi narudi kwangu. Kule milango inalia."

"Kule hakuna mtu, mama," alisema Mama Pacha.

"Basi nitajua hakuna mtu. Hapa hata hilo silijui."

Mama Pacha akamgeukia mumewe. Hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyomtisha. "Baba Pacha, mama hawezi kuishi peke yake. Akienda, naenda naye. Wewe utabaki na nyumba yako laini."

"Mpaka lini?"

"Mpaka milango yako ijifunze kuongea."

Alhamisi alfajiri Ulimi alianza kazi ambayo hakuna fundi wa ukoo wake aliyewahi kuifanya: kurudisha kelele alizozifukuza. Alidhani ni rahisi. Ukiweza kufunga kamba si unaweza kuifungua? Akaosha misumari ya bawaba kwa mafuta ya taa. Akaifuta. Akaurudisha mlango, akaufungua mbele ya Bibi kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Mlango ukalia: kwaaak.

"Huyo bata," alisema Bibi.

Akaosha tena, akanyunyiza siki ishike kutu kidogo. Mlango ukanguruma.

"Hiyo posta. Mlango wa posta ulikuwa hivyo, nilisimama foleni pale miaka."

Akatia mchanga. Bibi akaziba masikio, akasema huyo ni daktari wa meno. Akatia majivu, mlango ukanyamaza kabisa kwa dharau. Kwa geti hakufua dafu, mafuta ya kondoo yaling'ang'ania kama mkopeshaji. Mlango wa jikoni ulikubali kupiga mluzi, lakini mluzi mwingine, wa kihuni, hata Mama Pacha aligeuka. Kufikia Ijumaa asubuhi alikuwa amefungua na kufunga mlango wa mbele mara mia tatu na kumi, na majirani wawili walikuwa wamekuja kuuliza kama kuna msiba.

Akaketi kizingitini, mikono mieusi, akafikiri. Mlango mkavu unanguruma. Mlango uliolainishwa unanyamaza. Ule wimbo wa zamani haukuwa wa ukavu wala wa ulaini. Ulikuwa wa mlango uliokuwa na kitu zamani, kikautoka, kikaacha kumbukumbu tu. Sasa ni kilainishi gani hukaa saa chache tu kisha kikakimbia, kikaacha utando mwembamba wa udongo na sabuni? Ni mashine gani aliwahi kuisikia ikianza chini, ikapanda...

"Feni," alisema. Na uso ukamwiva kwa aibu ingawa hapakuwa na mtu.

Alikwenda kiwandani kwa miguu, ili njia iwe ndefu. Mtunza stoo alikuwa peke yake nyuma ya kidirisha, anakunywa chai, maandishi mekundu yakiwaka juu ya kichwa chake kama taji.

"Ulimi! Si uko likizo? Unataka nini?"

"Grisi ya lithiamu. Kiasi cha kidole."

"Chukua. Hiyo hata bila kuuliza."

"Na..." Ulimi akatazama viatu vyake. "Na ya udongo. Kiasi cha kidole."

Mtunza stoo aliweka kikombe chini polepole sana, kama mtu anayeogopa kumwaga furaha yake. "Za nini zote mbili?"

"Za kazi."

"Kazi gani?"

"Za kuchanganya."

"Sikusikia."

"ZA KUCHANGANYA!"

Neno lilizunguka kiwanda kitupu, likagonga tanuri lisilokamilika, likarudi. Mtunza stoo alifunga macho. Miaka tisa alikuwa akilisubiri neno hilo, na lilipokuja lilikuwa tamu kuliko biskuti zote walizowahi kutengeneza. Akachota grisi mbili, akaweka kila moja kwenye kifuniko chake cha chupa, akamkabidhi mkono huu na mkono huu.

"Usizigusanishe njiani," alisema. "Mama mkwe?"

"Umejuaje?"

"Mke wangu anasema una mbuzi anayepewa ushauri wa ndoa. Nenda. Na Ulimi, ile feni haikulia mpaka ilipopata moto. Mimi nilikuwepo."

Hilo Ulimi alikuwa amelisahau, kwa kuwa siku ile alikuwa wa kwanza kukimbia.

Jumamosi asubuhi sanduku la Bibi lilikuwa barazani na teksi imeitwa. Ulimi alikuwa mlangoni na pasi ya umeme, anapiga pasi bawaba. Naam, anapiga pasi, juu, chini, juu, kama shati la sikukuu. Ule mchanganyiko ukaanza kugombana kama ilivyo tabia yake. Ukalegea, ukawa uji wa kijivu, ukatiririka juu ya fremu. Mama Pacha aliliona doa likishuka ukutani, refu, la milele, akameza mate asiseme.

Ulimi akaweka pasi chini. Akaufungua mlango. Kimya. Akaufunga. Kimya.

"Teksi imefika," alisema Mama Pacha.

Akaufungua tena, mara ishirini, mara thelathini, jasho likidondoka kidevuni. Kimya chenye adabu zote. Mama Pacha akamshika mama yake mkono, wakapita kando yake. Bibi alisimama kidogo mbele yake, akanyoosha mkono, akamgusa begani ili ajue ni nani.

"Kwaheri, mkwe. Umejitahidi."

Wakashuka ngazi. Wakafika getini, geti likafunguka bila neno. Dereva akafungua buti. Ulimi hakutaka kuona zaidi, akageuka aingie ndani. Mikono ilikuwa imekwisha nguvu, kwa hiyo akausukuma mlango kama alivyousukuma kila jioni ya maisha yake, kwa bega.

Ng'wooo...

Akaganda. Hakuthubutu kupumua. Akaongeza bega kidogo.

...wiii. Kh.

Getini, Bibi alisimama mguu mmoja ukiwa ndani ya teksi. Uso wake ukageuka wote, kama ua linalofuata jua.

"Nani huyo anarudi?"

"Mimi, mama." Sauti ilimtoka kama ya mlango.

"Nimekusikia. Umechoka."

"Nimechoka sana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambieni dereva ashushe sanduku." Akauondoa mguu garini. "Na huyo mbuzi mfungeni kengele, kuna mambo nilimwambia siyataki yatoke nje."

Dereva alidai fidia ya kupotezewa muda, akapewa biskuti.

Siku hizi Ulimi ndiye mpaka mafuta pekee anayejulikana dunia nzima, au angalau katika mtaa ule, ambaye mwisho wa kila mwezi hupanda kigoda na pasi kuhakikisha mlango wake unalia vizuri. Hulamba mchanganyiko kwanza, sehemu moja lithiamu, sehemu moja udongo, anatazama dari, anatikisa kichwa, anaongeza. Doa la ukutani lipo palepale, Mama Pacha amelitundikia kalenda. Geti bado limenyamaza, kondoo hakubali kushindwa, kwa hiyo Bibi ameamua geti si mtu wa nyumbani. Na mfanyakazi mpya akipewa somo la grisi, mtunza stoo akakohoa dirishani na kuuliza, "Na ukizichanganya, Ulimi?", mzee hanyamazi tena.

"Inategemea," hujibu, akipangusa kidole. "Mama mkwe wako anaona?"